WAGENI WA ZIWA LETU: Tuwatazame Ndege Tukiwa Nyumbani

(Haya ni mazungumzo ya Afisa wa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo wa kijiji kimoja kando ya Ghuba ya Mwanza, mwezi wa Novemba.)

 

Leo sikuja na mbegu, wala sikuja na habari za mbolea. Nimekuja tuzungumze juu ya ndege. Najua wapo watakaoguna. Watasema, "Ndege? Sisi tumezaliwa na ndege hawa. Wanakula mtama wetu, wanaiba vifaranga vyetu, wanadokoa dagaa wetu. Huyu atatufundisha nini?"

Mnayo haki ya kuguna. Mvuvi wa hapa anawajua ndege wa ziwa kuliko mimi. Mama anayeanika michembe juu ya mawe anawajua ndege wa uani kuliko vitabu. Lakini ninyi mna kitu kimoja ambacho babu zetu wengi hawakuwa nacho. Mnajua kusoma na kuandika. Babu alimtazama ndege, akaijua tabia yake, akamsimulia mjukuu. Mjukuu akisahau, basi, habari imekwisha. Ninyi mkiona jambo mnaweza kuliandika likakaa. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Na ujuzi wetu juu ya ziwa hili ni mali.

Kwa hiyo neno langu leo ni moja tu. Ndege wanaokaa nyumbani kwetu, na wale wanaopita, wanatuletea habari za ziwa na za shamba. Tuwatazame, kisha tuandike.

MIEZI YA WAGENI

Tuko mwezi wa Novemba. Kwetu mvua za vuli zimeanza. Majani yanachipua, kumbikumbi wanatoka, na wadudu ni wengi kila mahali. Ndiyo miezi ya kulima.

Lakini huko kaskazini, Ulaya na Urusi, wakati huu ni wa baridi kali. Theluji hufunika nchi. Maji ya mito na maziwa huganda yakawa magumu, hata mtu huweza kutembea juu yake. Wadudu hufa au hujificha. Sasa fikirini, ndege anayeishi kwa kula wadudu atakula nini? Na ndege anayevua samaki atavua wapi, maji yakiwa magumu kama jiwe?

Basi ndege hao hufunga safari. Huruka kuja kusini, kwetu. Wa kwanza hufika mwezi wa Septemba na Oktoba. Hukaa nasi, au hupumzika kidogo na kuendelea mbele zaidi. Mwezi wa Machi na Aprili hurudi kwao, maana huko joto limeanza na chakula kimerudi. Kwao ndiko wanakojenga viota na kutaga mayai. Kwetu huja kula tu na kuikwepa baridi.

Wageni hao ni akina nani? Nitawataja watano, na nina hakika mmewahi kuwaona.

Wa kwanza ni mbayuwayu wa Ulaya. Mgongo wake ni mweusi wa kung'aa wenye ubuluu, koo lake ni jekundu kama kutu, na mkia wake una ncha mbili ndefu. Msimchanganye na mbayuwayu wenyeji, wale wanaojenga vyumba vya udongo chini ya mapaa yetu. Huyu mgeni hajengi hapa. Mtamwona amekaa na wenzake juu ya waya, au akiruka chini chini juu ya shamba akikamata wadudu. Uzito wake ni gramu 20 hivi, kama vijiko vinne au vitano vya chai vya sukari. Kidude kidogo namna hiyo, lakini kimetoka Ulaya kwa mabawa yake chenyewe!

Wa pili ni kiluwiluji wa njano. Ninyi wafugaji mnamjua. Ni ndege mwembamba, kifua cha njano, anayetikisa mkia bila kuchoka. Hutembea katikati ya miguu ya ng'ombe. Ng'ombe akikanyaga majani, wadudu huruka, na yeye huwadaka.

Wa tatu ni buabua mabawa-meupe. Huyu ni ndege wa ziwani, mwepesi, rangi yake ni nyeupe na kijivu. Huruka akishuka na kupanda, akigusa maji kwa mdomo tu. Mnawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kama moshi? Moshi ule ukitokea, buabua na mbayuwayu hukusanyika kama watu wa arusi. Mtazameni buabua vizuri mwezi wa Machi na Aprili. Mtaona baadhi yao wanageuka kuwa weusi mwilini, mabawa yakibaki meupe. Hayo ndiyo mavazi yao ya kuzalia. Maana yake, mgeni anafunga mizigo.

Wa nne ni shakwe mwenye mgongo mweusi. Hapa tunao shakwe wetu wenyeji, wale wenye kichwa cha kijivu. Lakini miezi hii huja pia shakwe wakubwa zaidi, mgongo na mabawa meusi, wakitoka nchi za kaskazini kabisa kama Ufini. Huko huzaa kando ya bahari na maziwa. Kwetu hakuna bahari, lakini ziwa letu lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 68,000. Kwa shakwe, hiyo ni bahari ya kutosha!

Wa tano ni korongo mweupe mwenye mdomo mwekundu na miguu mirefu myekundu. Hashindi ziwani. Huenda mashambani na mbugani kwa makundi. Chakula chake ni panzi, nzige na viwavijeshi. Mkulima anayefukuza kundi la korongo weupe kutoka shamba lenye viwavijeshi anafukuza vibarua wasiodai mshahara. Hapa ndipo inapofaa ile methali yetu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

TUMEJUAJE WANAKOTOKA?

Mtu ataniuliza, "Mwalimu, nani aliwafuata angani akaona?" Ni swali zuri. Watu wa Ulaya wenyewe zamani hawakujua ndege wao wanakwenda wapi. Waliona mbayuwayu wametoweka, na wako waliosema kwamba wamejificha ndani ya matope chini ya maji, wamelala mpaka baridi iishe. Hata watu wenye elimu waliamini hivyo.

Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz huko Ujerumani, alipigwa korongo mweupe. Walipomwokota wakashangaa. Shingoni mwake ulikuwa umepita mkuki, nao haukuwa wa kwao. Ulikuwa wa Afrika. Korongo yule alichomwa huku kwetu Afrika, akapona, akaruka na mkuki wake mpaka Ujerumani. Hapo watu wakapata ushahidi wa kushikika kwamba korongo huja Afrika. Ndege yule alikaushwa akahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock, na yupo hadi leo. Mwindaji wetu asiyejulikana jina aliwafundisha wataalamu wa Ulaya bila kujua!

Baadaye watu walianza kutumia njia bora kuliko mkuki. Humkamata ndege taratibu, wakamvika pete nyepesi ya madini mguuni. Juu ya pete huandikwa namba na anwani. Kisha humwachia aende zake.

Mwezi wa Mei mwaka 1911, Mwingereza aitwaye John Masefield alimvika pete mbayuwayu aliyekuwa na kiota nyumbani kwake katika jimbo la Staffordshire. Mwezi wa Desemba mwaka 1912, mbayuwayu huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika ya Kusini. Ni mwendo wa kilomita kama 10,000. Na habari hiyo ilifikaje Uingereza? Pete ilisomwa, na barua ikaandikwa na kutumwa kwa anwani ile. Basi! Kama pale Natal pasingekuwa na mtu wa kusoma pete na kuandika barua, ndege yule angekuwa mbayuwayu tu kama wengine.

Ndugu zangu, jambo hili linatuhusu sisi hasa. Wale shakwe wa Ufini wengine wamevikwa pete za rangi zenye herufi na namba kubwa, ili mtu aweze kuzisoma bila kumkamata ndege. Siku moja shakwe wa namna hiyo anaweza kutua katika mwalo wenu, wakati mnaanika dagaa. Ukimwona, usimpige. Soma. Andika rangi ya pete, herufi, namba, tarehe na mahali. Ukiokota ndege aliyekufa mwenye pete, usimshike kwa mikono mitupu, na pete usiitupe wala usimpe mtoto achezee. Peleka habari kwa mwalimu au kwa afisa wa wanyamapori. Yupo mtu mbali huko anayeingojea barua yako.

WENYEJI WA ZIWANI

Sasa tuwaache wageni, tuwatazame wenyeji wetu wa mwaka mzima.

Mtazameni mnandi, yule mweusi anayezama majini. Akimaliza kuvua hukaa juu ya jiwe na kutanua mabawa kama mtu anayeanika shati. Kwa nini? Manyoya yake hulowa. Kulowa kunamsaidia kuzama, lakini akitoka lazima ajikaushe.

Mtazameni furukombe, tai mwenye kichwa na kifua cheupe. Sauti yake inajulikana ziwa zima. Hushuka kwa kasi, hunyoosha kucha, humnyakua samaki aliye karibu na uso wa maji. Kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, kina furukombe wengi sana, kwa sababu kina samaki na miti mikubwa ya kujengea viota. Mnaona? Mahali palipokatwa miti yote ya ufukweni, furukombe huhama hata kama samaki wapo. Anahitaji vyote viwili.

Mtazameni korongo mwenye kipara, yule mrefu mwenye mdomo kama panga, anayezunguka Mwaloni Kirumba kama mzee wa baraza. Wengine humwita kongoti. Sura yake haipendezi, lakini hula mizoga na mabaki ya samaki ambayo yangetuletea inzi. Tena mkiona kongoti wameongezeka sana mahali, jiulizeni: je, taka zetu tunazitupa wapi?

HABARI ALIYOILETA MDIRIA

Lakini ndege ninayetaka mumtazame kuliko wote ni mdogo. Ni mdiria mweusi na mweupe, yule anayesimama angani akipiga mabawa mahali pamoja, kichwa chini, kisha anajitupa majini kama jiwe. Dume ana mistari miwili myeusi kifuani. Jike ana mstari mmoja tu, tena umekatika katikati. Leo jioni mkirudi, mtazame mniambie ni dume au ni jike.

Mdiria humeza samaki mzima mzima. Baadaye hutapika mifupa na magamba kama kidonge kidogo. Ukikuta vidonge hivyo chini ya mti au juu ya jiwe analokaa, unaweza kujua alikula nini.

Sasa sikilizeni. Kuanzia mwaka 1977 watafiti kutoka Uholanzi walifanya kazi hapa hapa katika Ghuba ya Mwanza pamoja na Watanzania, wakichunguza furu. Wazee wanakumbuka furu. Walikuwepo wa kila namna, mamia ya aina, na ndio waliokuwa kitoweo cha mtu maskini. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, upande wa kaskazini. Katika ghuba yetu alikuja kuongezeka mno miaka ya 1980. Sangara alikula furu. Aina nyingi za furu hazikuonekana tena. Dagaa wakaongezeka.

Watafiti walichunguza vidonge vya mdiria. Zamani, chakula kikubwa cha mdiria kilikuwa furu. Baada ya sangara kuenea, vidonge vilijaa mifupa ya dagaa. Mdiria alikuwa amebadili kitoweo chake, kama sisi tulivyobadili chetu. Na kwa kuwa dagaa ni mdogo kuliko furu, ilimbidi mdiria akamate samaki wengi zaidi kwa siku ili ashibe. Kazi iliongezeka, shibe ni ile ile. Wavuvi, je, habari hii hamuijui kwenye miili yenu?

Ndege huyu mdogo alikuwa na habari ya ziwa zima tumboni mwake. Lakini ilihifadhika kwa sababu moja tu. Mtu aliandika kilichoonekana mwanzo, halafu akaandika kilichoonekana baadaye. Kama yale ya mwanzo yasingeandikwa, tungelinganisha na nini?

Sasa niwaulize, mambo ya leo yanaandikwa na nani? Ziwa linaendelea kubadilika. Magugu-maji yaliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Baadhi ya furu wameanza kuonekana tena. Mialo inaongezeka, miti ya ufukweni inapungua. Mtafiti huja kwa mwezi mmoja, akaondoka. Ninyi mko hapa kila siku. Macho mnayo, kalamu mnayo.

NDEGE WA UANI

Akina mama watasema, "Sisi hatuendi ziwani kila siku." Haya, kaeni uani. Ndege watakuja wenyewe.

Yupo kwera, wengine humwita mnana, yule wa njano anayening'iniza viota vingi kwenye mti mmoja karibu na nyumba. Anayejenga ni dume. Akimaliza hujining'iniza pale akipiga kelele na kupiga mabawa kumwita jike. Jike huja kukagua nyumba. Asipoipenda huenda zake, na bwana hulazimika kubomoa na kujenga upya. (Naona akina mama mnacheka. Mmeelewa haraka!)

Yupo chozi, mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayefyonza utamu wa maua. Yupo shorewanda mwenye kichwa cheusi, anayetoboa mapapai kabla yenu. Yupo tetere anayeokota punje mnapopepeta mtama. Yupo mwewe, huyo vifaranga wanamjua kabla sijamtaja.

Na usiku yupo bundi. Hapa naomba tuseme ukweli, wazee wangu. Watu wengi wakisikia bundi juu ya paa husema ameleta kifo, nao humpiga mawe. Bundi hakuleta kifo. Amefuata panya. Nyumba yenye ghala ina panya, na panya ndiye chakula chake. Ukimuua bundi, umemuua mlinzi wa mahindi yako, na panya watakushukuru. Vivyo hivyo fundi-chuma, yule wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo, anayejenga kiota kikubwa kama kapu la mavuno. Wazee sehemu nyingi walikataza kumgusa wakisema ataleta balaa. Mimi nasema balaa halipo, lakini katazo lile lilimsaidia ndege. Tumwache salama kwa sababu tunamfahamu, hata kama hatumwogopi.

NAMNA YA KUTAZAMA NA KUANDIKA

Kazi hii haina gharama. Huhitaji darubini. Unahitaji mahali pa kukaa, daftari la shule, na kalamu. Wakati mzuri ni asubuhi mapema, na jioni jua likipoa. Kaa kimya kwa muda wa kunywa kikombe cha uji. Ukimwona ndege usiyemjua, jiulize mambo haya sita:

1. Ukubwa wake ni kama nani? Kama shomoro? Kama njiwa? Kama kuku?
2. Rangi yake ni ipi kichwani, kifuani na mgongoni?
3. Mdomo wake ukoje? Mdomo ni chombo cha kazi. Mnene na mfupi ni wa kuvunja punje. Mrefu na mkali ni wa kuchoma samaki. Uliopinda kama ndoana ni wa kurarua nyama.
4. Miguu yake ikoje? Mirefu ya kutembea majini, au mifupi yenye kucha?
5. Anafanya nini?
6. Sauti yake ikoje?

Kisha andika. Chora mistari katika daftari, upate sehemu ya tarehe, ya saa, ya mahali, ya ndege, ya idadi, na ya anachofanya. Kwa mfano:

Novemba 12. Saa 12:30 asubuhi. Mwaloni. Buabua, kama 40. Wanakula wadudu wa ziwani. Mwezi mwandamo, siku ya tatu.

Novemba 13. Saa 11 jioni. Malishoni. Viluwiluji wa njano, 6. Wako miguuni pa ng'ombe.

Kama hujui jina la ndege kwa Kiswahili, andika kwa Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kizinza. Jina la nyumbani ni jina. Nchi yetu ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na hakuna mtu anayezijua zote kwa lugha moja. Waulizeni wazee majina kabla hayajapotea, myaandike.

Mmeona nimeandika habari za mwezi. Wavuvi wa dagaa mnafuata giza, hivyo mwezi mnaujua. Basi, wataalamu wamegundua kwamba wadudu wale wa ziwani huruka kwa wingi mara nyingi siku chache baada ya mwezi kuandama. Je, hapa kwenu ni hivyo? Msiniamini mimi. Andikeni mwaka mmoja, mtaona wenyewe. Hiyo ndiyo elimu.

Tena andikeni hasa siku mbili. Siku mgeni wa kwanza alipoonekana, na siku wa mwisho alipoondoka. Mwaka wa kwanza utakuwa na tarehe tu. Mwaka wa tatu utaweza kusema, "Mwaka huu mbayuwayu wamechelewa." Mwaka wa kumi daftari lako litakuwa na thamani ambayo huwezi kuinunua dukani. Duniani ipo sensa ya ndege wa majini inayofanywa kila Januari. Ilianza mwaka 1967, na Afrika ilipata mpango wake mwaka 1991. Inategemea watu wenye macho na kalamu kama ninyi.

JAMBO LA HATARI

Kabla sijamaliza, lipo jambo moja zito.

Huko Bunyala, nchini Kenya, karibu na ziwa hili letu, watafiti waligundua kuanzia mwaka 2009 hivi kwamba watu walikuwa wanaua ndege kwa sumu ya wadudu ya mashambani. Walitia sumu kwenye konokono na kwenye mpunga, ndege wakala wakafa, kisha nyama ikauzwa na kuliwa. Ndugu zangu, sumu inayoua ndege haiondoki kwa kuoshwa na chumvi. Aliyekula ndege huyo amekula sumu. Mtoto mdogo ndiye huumia zaidi.

Hali ni hiyo hiyo kwa kwelea kwelea waliopuliziwa dawa. Tunajua hasara yao katika mtama na mpunga, na Serikali huwapulizia. Lakini ndege waliokufa kwa dawa si kitoweo. Msiwaokote kwa ajili ya kula, wala msiwape mbwa.

Na mkikuta ndege wengi wamekufa pamoja, iwe ufukweni au bandani, msiwashike kwa mikono mitupu. Toeni habari kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa mifugo. Inaweza kuwa sumu, inaweza kuwa ugonjwa. Hapa pia ndege ameleta habari. Amekufa yeye kwanza, ili ninyi mjihadhari.

Watoto wenye manati tuwafundishe. Mwambie mwanao, "Kabla hujapiga, niambie jina lake na anachokula." Akishamjua, mara nyingi manati itarudi mfukoni.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kuanzia Septemba hadi Aprili ziwa letu hupokea ndege wageni wanaokimbia baridi ya kaskazini.
2. Ndege hula wadudu, viwavijeshi na panya, na hutuonyesha mabadiliko ya ziwa.
3. Pete yenye maandishi mguuni mwa ndege ni barua. Isomeni, mtoe habari.
4. Ndege aliyekufa kwa sumu haliwi.
5. Jambo lisiloandikwa husahaulika.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni ndege gani walikuwa wengi hapa zamani, na sasa ni wachache? Kwa nini?
2. Ndege gani humwonyesha mvuvi mahali penye dagaa?
3. Nani katika kikundi chenu atatunza daftari la ndege, na nani atamsaidia akiwa safarini?
4. Tufanye nini ili miti iliyobaki ufukweni isikatwe?

Ndugu zangu, nimesema mengi. Kesho asubuhi kila mmoja aandike ndege watatu anaowaona kutoka mlangoni kwake. Watatu tu. Mkutano ujao tutayasoma madaftari kwa sauti, mmoja mmoja, na atakayekuwa na ndege nisiyemjua mimi, huyo ndiye atakayekuwa mwalimu wa siku hiyo.

Elimu haina mwisho.